Kitone Kilichotoka Nje ya Karatasi

Penseli ikichongwa kwa wembe hutoa harufu ambayo vichongeo vya dukani haviwezi kuitoa. Wiki iliyopita seremala aliyekuja kunitengenezea mlango wa jiko alichonga penseli yake kwa wembe mbele yangu, maganda yakaanguka sakafuni, na mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu niliyetisha watoto wa watu miaka yote ile, nikatafuta kiti nikakaa. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia aendelee na mlango wake.

Harufu ile ilikuwa imenirudisha Naguru, kwenye kambi ya polisi nilikokulia. Nyinyi wa rika langu mnavijua vile vibanda vya bati vya mviringo tulivyoviita yuniporti. Saa sita mchana ndani mlikuwa kama mmewekwa kwenye sufuria, na mvua ikinyesha Mama alizungumza nasi kwa mikono tu, maana hakuna sauti iliyoweza kushindana na lile bati. Cha kwetu na cha kina Atim vilitazamana, na kati ya mlango wetu na wao ilipita kamba moja ya kuanikia nguo. Atim alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa darasa moja, dawati moja, na tulichapwa siku moja kwa kosa moja zaidi ya mara ambazo ningependa kukumbuka.

Baba alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, Mkatoliki, mrefu, mwenye maneno machache. Mama alitoka kwenye ukoo wa Waislamu wenye maduka mjini, ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, na kwake Kiswahili kibovu kilikuwa sawa na sahani chafu. Kila asubuhi ilikuwa mchezo ule ule. Baba: "Mama Zubeda, viatu yangu iko wapi?" Mama, bila kuinua uso: "Viatu vyako viko mlangoni." Baba: "Ndiyo, hiyo hiyo." Basi, siku imeanza. Nilidhani ndoa zote huendeshwa hivyo.

Mjomba Salim, mdogo wake Mama wa mwisho, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwembamba, miwani imefungwa kwa waya, na mfukoni mwa shati penseli tatu zilizochongwa kwa wembe mpaka ncha zikawa kali za kuchomea. Alikuwa na kazi ya kumalizia masomo yake: kuonyesha kwa hesabu jinsi sayari inavyolizunguka jua, na jinsi vitu viwili vinavyobembea kwenye kamba moja vinavyopokezana mwendo. Kazi hiyo ilikuwa ifanywe na kompyuta. Mjini kulikuwa na moja katika ofisi fulani, kubwa, ikijaza chumba, ikilishwa kadi zenye matundu. Lakini wazungu walioijua walikuwa wameondoka, Wahindi walioitengeneza walikuwa wamefukuzwa, kipuri kilichoharibika hakikuja, na mwalimu wa Mjomba naye siku moja hakuonekana darasani, na darasa likajua kwamba si vizuri kuuliza. Kazi ilibaki ikidaiwa vile vile. Asipoileta angerudia mwaka, na enzi zile hakuna aliyekuwa na uhakika na mwaka ujao.

"Kale, haya basi," alisema Jumamosi moja, akiwa amesimama mlangoni kwetu na rundo la kadi zilizoharibika chini ya kwapa. "Kama mashine imekufa, tutaunda nyingine. Zubeda, kamwite Atim. Waite na wale watatu wa mstari wa nyuma wanaojua kuzidisha."

Kwanza alitupumbaza kwa chupa. Alijaza mchanga kwenye chupa mbili za soda, akazifunga kwa nyuzi za urefu mmoja, akazining'iniza kwenye ile kamba ya nguo, moja upande wetu, moja upande wa kina Atim. Akaisukuma yetu. Ikabembea. Ya kina Atim ilikuwa imetulia, halafu, bila kuguswa na mtu, ikaanza kutikisika kidogo kidogo, ikachangamka, na kadiri ilivyochangamka yetu ikapoa mpaka ikasimama kabisa. Atim alipiga kelele. Kisha yake ikaanza kuchoka, yetu ikaamka tena.

"Nani anaisukuma?" niliuliza.

"Hakuna. Mwendo ni ule ule mmoja. Unapita kwenye kamba, unahamia kwa jirani, unarudi."

Baada ya hapo angetuambia tuhesabu mchanga wa ziwa tungekubali. Alituketisha wote watano kwenye benchi nje. Kila mmoja alikuwa kipande cha mashine. Wa kwanza alisoma kitone kiko wapi kwenye karatasi ya grafu. Wa pili alitazama kwenye jedwali jua linakivuta kwa nguvu gani. Wa tatu alizidisha. Atim alijumlisha na kutoa, maana Atim hakukosea kamwe, na lazima niseme hivyo ingawa wakati ule iliniudhi. Mimi nilipata mahali papya na kuweka alama. Tuliandika namba nyuma ya zile kadi na kupokezana. Mwishoni mwa benchi palikuwa na makopo mawili ya siagi aliyoomba kwa Mama: moja limeandikwa JANA, moja LEO. Sheria ya Mjomba ilikuwa moja. Mwendo mpya ukipatikana, uingie kwenye kopo la Leo, usiguswe. Mahali papya palitakiwa pahesabiwe kwa mwendo wa kopo la Jana. Hatua ikiisha, ndipo kadi ya Leo ihamie Jana. Ndivyo kitabu chake kilivyosema. Malipo yalikuwa kipande cha sukari guru kwa kila hatua kumi, na siku zile sukari nyeupe tuliiona kwa wakubwa tu, kwa hiyo tulihesabu kwa bidii.

Sasa, sikilizeni kosa la Mjomba, maana la kwangu mtalisikia baadaye. Mmoja wetu aliuliza jua ni nini na kitone ni nini, na Mjomba, ili tuelewe, akasema: "Jua ni hii kambi yetu, juu ya kilima. Kitone ni baba yake Zubeda yuko doria kwa baiskeli. Anapita Nakawa, anapinda upande wa Luzira, anazunguka kwa nyuma, anarudi Nakawa pale pale. Mwendo wake unataka kumpeleka moja kwa moja, kambi inamvuta ndani. Kwa hiyo hapotei wala hagongi kambi. Anazunguka tu."

Mtoto wa miaka kumi hasahau jambo kama hilo. Tangu dakika ile sikuweka tena kitone kwenye karatasi. Nilimweka Baba.

Na Baba hakurudi Nakawa. Hatua kumi za kwanza alikwenda vizuri. Ya ishirini alikuwa amesogea nje kidogo. Ya thelathini alikuwa mbali zaidi, na ya arobaini, ambapo Mjomba alisema duara lingefunga, alikuwa karibu na ukingo. Tuliendelea. Hatua chache baadaye namba niliyopata haikuwamo kwenye karatasi. Niliweka alama kwenye ubao wa benchi.

"Banange, jamani," alisema Mjomba, akavua miwani. Hakukasirika. "Si kosa lenu. Hatua zetu ni kubwa mno. Mashine ingepiga hatua ndogo ndogo, maelfu. Sisi tungekaa hapa mpaka mpate wajukuu." Alikunja karatasi akaiacha mezani kwetu, akaenda zake akiwa amenyong'onyea. Watoto wengine walikimbilia mpira. Mimi nilibaki naitazama ile alama kwenye ubao.

Jumanne iliyofuata, kwenye gwaride la asubuhi, yalisomwa majina. Walioitwa waliambiwa wachukue blanketi moja kila mtu na wapande lori. Jina la Baba lilikuwamo. La baba yake Atim, koplo, dereva wa magari ya kituo, lilikuwamo pia. Majina yale yote yalikuwa ya watu wa kaskazini, ambao serikali ya wanajeshi ya wakati ule haikuwaamini, lakini hilo nililijua baadaye. Tuliporudi kula mchana walikuwa hawapo. Mama alikuwa anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Baba yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Kazi ni kazi, Zubeda. Nawa mikono."

Hakuna mwanamke aliyelia siku ile. Kambini kulia kulisikika, na masikio yalikuwa mengi. Mama Atim alikuja akakaa na Mama, wakamenya matoke mengi kuliko tuliyoweza kula.

Mimi nilijua kilichotokea. Watu wazima walitazamana na kunong'ona na kusema labda wako huku, labda wako kule, na mimi nilitaka kuwaambia waache kujisumbua: ni sisi. Jumamosi tulimhesabu Baba mpaka akatoka nje ya karatasi, na Jumanne akatoka. Hofu niliyoisikia sikuwahi kuisikia tena, hata nilipokuja kuwa na watoto wangu. Nilishindwa kula. Mama alidhani ni malaria akanipa kwinini, nikainywa, maana niliona nastahili kitu kichungu.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Atim. Hakucheka. Alifikiri, akasema, "Basi tumhesabu tena, arudi."

Tulianza Jumatano baada ya shule. Wale watatu tuliwaita wakakataa, bila sukari guru hawakuwa na haja. Tukawa wawili, tukigawana kazi ya watano, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kopo la Jana halipo. Mama alikuwa amelichukua kuwekea chumvi. Chumvi ilikuwa imepatikana kwa taabu, na kumwomba Mama aimwage wiki ile lilikuwa jambo la mtoto aliyechoka kuishi. Tulibaki na kopo la Leo peke yake.

"Tufanyeje?" aliuliza Atim.

"Tutumie la Leo."

"Mjomba wako alikataza."

"Mjomba hayupo."

Ndiyo hivyo. Mwendo ulipopatikana, niliutumia hapo hapo. Nilijua navunja sheria, lakini nilitaka Baba aje haraka na sikuona kwa nini asubiri zamu inayofuata. Alhamisi tuliendelea. Ijumaa Mama alikwenda kwa ndugu zake mjini kuuliza uliza, tukahesabu mpaka vidole vikawa vyeusi kwa risasi ya penseli. Hatua ya kumi, Baba anapita Luzira. Ya ishirini yuko nyuma ya kambi. Ya thelathini na tano Atim akanishikia rula. Ya arobaini ilikosa alama ya kuanzia kwa upana wa punje ya mchele.

Hatukushangilia. Tulikaa tukiitazama. Kisha Atim akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kufua, "Haya. Anakuja."

Baba alirudi Jumatatu, mchana, kwa miguu, akipandisha kilima kutoka Nakawa. Hakuwa na mkanda wala kofia. Alikuwa amekonda, na mkono mmoja aliubeba kwa mwingine. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Zubeda. Maji yangu ya kuoga iko?"

Mama akajibu, "Iko." Hivyo tu, bila kumsahihisha. Ndipo nikajua kwamba alikuwa ameogopa kuliko mimi.

Baba hakusema alikokuwa, si siku ile wala siku nyingine. Mjomba Salim alikuja mbio Jumamosi, akamkumbatia. Ndipo alipoiona karatasi yetu ukutani, nilipoibandika kwa uji wa muhogo. Alisogea, akairudia kwa kidole alama moja moja.

"Hii nani kafanya?"

Nikaanza kulia. Nilimwambia yote: kopo, chumvi, kwamba nilitumia mwendo wa leo, kwamba nimevunja sheria yake. Mjomba akachuchumaa, akaomba kadi, akazipitia zote pale pale sakafuni, anarudia hatua kwa hatua, anajikuna kichwa. Mwishowe akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Zubeda wewe! Kitabu kinasema jana, na kwa jana kitone kinapotea. Kwa leo kinarudi!" Hakujua kwa nini. Alikaa wiki mbili kutafuta kwa nini, akaipata, akaiandika kwenye kazi yake, na alifaulu. Siku hizi wanaohesabu sayari kwa kompyuta wengi huanza kwa njia hiyo hiyo, na vijana niliowafundisha niliwaambia tu kwamba ndiyo njia nzuri. Sikuwaambia nimeijulia wapi. Mjomba alituletea mkate mzima, mimi na Atim, tukagawana kwa uzi ili isiwe ugomvi.

Lakini lori lile lilichukua watu wengi na waliorudi walikuwa wachache. Nyumbani kwetu kulikuwa na mvuke wa maji ya moto, na Mama akisugua mgongo wa Baba, na siku moja hata nikamsikia akiimba. Upande wa pili wa kamba kulikuwa kimya. Usiniulize kama nilizikumbuka zile chupa. Nilizikumbuka kila nilipoanika nguo. Nilidhani furaha ya kwetu imepita kwenye kamba ikitoka kwao, na sikuweza kumtazama Mama Atim usoni.

Atim hakunilaumu. Alikuja tu siku moja na penseli yake. "Na baba yangu mimi?" akasema. "Ulihesabu baba yako peke yake."

Ilikuwa kweli. Kitone kilikuwa kimoja, na mimi ndiye niliyekipa jina.

Tulihesabu upya. Tulimweka Koplo mbali zaidi na kambi, kwa sababu alikuwa dereva, na dereva huenda mbali. Ukianzia mbali hatua huwa nyingi, kwa hiyo ilituchukua wiki nzima. Atim alijumlisha na kutoa kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wetu, na kila namba alinipa niikague mara mbili. Nilimwahidi. Hili ndilo linaloniuma: sikusema labda, sikusema tujaribu. Nilisema, "Kikifunga, anarudi. Si uliona kwa Baba?" Kilifunga. Kilifunga vizuri zaidi ya cha Baba, juu ya alama yenyewe, huwezi kutia hata wembe katikati. Atim aliibandika karatasi juu ya kitanda cha mama yake.

Jumatatu alivaa gauni la kanisani akakaa mlangoni akitazama njia ya kutoka Nakawa. Jumanne pia. Alikaa siku nyingi. Nilikaa naye, nikimwambia kwamba Koplo yuko mbali zaidi, kwa hiyo atachukua muda zaidi. Baba alipopita alitukuta pale, akauliza, "Nyinyi mnangoja nani?" Atim akamjibu. Baba aligeuza uso. Akaingia ndani, na siku ile hakula. Nilimwona. Nilikuwa mtoto, lakini nilimwona, na bado nikarudi mlangoni kwa Atim nikaendelea kumwambia kesho.

Kisha Mama Atim aliletewa barua. Nyumba ilikuwa ya askari, na ndani hamkuwa tena na askari, wahame. Hivyo ndivyo familia ya Koplo ilivyoambiwa kwamba amekufa, kwa barua ya nyumba. Lilikuja lori, wakapakia kitanda, godoro, sufuria, kuku wawili wamefungwa miguu. Walikuwa wanarudi kwao kaskazini. Mama alimpa Mama Atim lile kopo, na chumvi yake yote ndani.

Atim alikuwa juu ya godoro, ameishika karatasi imekunjwa. Hakuwa analia. Alikuwa anafikiri, uso ule ule wa kujumlisha.

"Zubeda," aliniambia, "kuna mahali ulikosea."

Ningeweza kumwambia kweli. Nilikuwa nimekwisha kuielewa, kwa uso wa Baba pale mlangoni. Lakini kama hesabu haikuwa na kosa, basi baba yake hakuwa popote, na lori lilikuwa limeshawashwa.

"Ndiyo," nilisema. "Nilikosea."

"Basi rudia."

"Nitarudia."

Nilirudia jioni ile ile, kutoka kichwani, hatua zote. Nikarudia nikiwa sekondari, nikarudia nikiwa mwalimu, likizo baada ya likizo, na Atim sikupata habari zake tena. Namba zake zote ni sahihi, na zangu pia. Bado natafuta kosa, kwa sababu nilimwambia lipo.